Sentimita za kukopa

Mi kimo changu ni sentimita 163, asubuhi. Jioni ni 162 na kitu. Sitanii, watu wengi hawaijui hii, zile sahani laini zilizoko katikati ya pingili za uti wa mgongo zinabanwa na uzito wako mwenyewe mchana kutwa, ukilala zinajaa tena, kwa hiyo kila mtu anaamka mrefu kuliko alivyolala, kama sentimita moja hivi, wengine hadi karibu mbili. Mtu wa 185 hana sababu ya kujua habari kama hizi. Mimi nilizijua kwa sababu kuna miaka minne ya maisha yangu nilikuwa najipima ukutani kwa penseli kila nikipata upenyo, na nilipogundua asubuhi nazidi nikaanza kuomba kila miadi ya maana iwekwe saa mbili au saa tatu asubuhi. Kwa ajili ya sentimita moja. Hapo ndo ujue nilikuwa nimefika wapi.

Nianzie mwanzo. Shuleni niliitwa andunje na sikuwahi kuumia sana, kila mtu alikuwa na jina lake, kulikuwa na kichwa, kulikuwa na meno, mi nilikuwa andunje basi. Kilichoniuma ni vitu vidogo vya ukubwani. Unaongea na watu wawili wamesimama, wanaanza kuongea wao kwa wao juu ya kichwa chako, hawana nia mbaya, sauti inapita tu huko juu. Unaingia sehemu na mdogo wako anayekuzidi kimo, salamu ya kikubwa anapewa yeye. Sasa ilipofika siku ya usaili wa kazi niliyokuwa naitamani kweli, nikanunua vile vipedi vya kisigino vya jeli, vile vimekaa kama kabari, nyuma vinene mbele vinaisha na kuwa si kitu. Sentimita mbili na nusu.

Ukiweka vipedi kwenye kiatu cha kawaida cha ofisini, hapo ndo mwisho wake. Ukizidisha, kisigino chako kinapanda juu kuliko ule ukuta wa nyuma wa kiatu na kila hatua mguu unataka kuchomoka, unaanza kutembea umekunja vidole kama ndege aliyeshika tawi ili kiatu kisikuache. Lakini kwa hizo mbili na nusu ukifunga kamba vizuri hakuna anayejua, hata wewe baada ya siku tatu unasahau. Nilienda usaili nikapata kazi. Na kabla hujasema ni vile vipedi, hapana, mi mwenyewe najua sio vipedi, ila akili haisikii, akili iliandika pale pale kwamba tumevaa tumepata. Wiki ya kwanza kazini mtu mmoja akaniambia umependeza, mwingine akasema unaonekana una confidence. Hakuna hata mmoja aliyesema mrefu. Hilo ningelitafakari wakati ule ningejiokolea mengi.

Badala yake nikapanda dau. Kuna aina nyingine ni ya vipande vipande, unapachika kimoja juu ya kingine, cha chini kina kamfuko ka hewa, ukitumia vyote unafika sentimita tano sita. Hivi havikai kwenye kiatu kifupi, vinataka buti inayofunika kifundo cha mguu, na vinataka buti kubwa kuliko saizi yako kwa nusu namba au namba nzima, kwa sababu mguu ukiinuka ndani unakula nafasi yote ya juu, kidole gumba kinasukumwa mbele kinagonga. Mi sikujua. Nilipoteza kucha mbili, ziliota weusi zikang'oka zenyewe.

Halafu nikahamia kwenye viatu vyenyewe, vile vilivyotengenezwa kabisa kuficha urefu. Kwa nje unaona kiatu cha kawaida, soli ya kawaida, kumbe ndani sakafu imeinuliwa na ubavu wa kiatu umechongwa mrefu ili kuficha kwamba mguu wako uko ghorofani. Vinauzwa kwa namba za sentimita, sita, nane, kumi. Hapa nitakuibia siri ambayo muuzaji hakwambii, ile nane sio nane. Kwanza wanahesabu na soli ya nje, na kiatu chochote cha kawaida kina soli na kisigino cha sentimita mbili au tatu, kwa hiyo ukijilinganisha na mwenzako aliyevaa kiatu cha kawaida ushapoteza hizo. Pili kinachoinuliwa ni kisigino, na mguu haukusimama juu ya kisigino peke yake, kifundo kimekaa mbele kidogo, ukiinua nyuma tu na mbele ukaacha chini basi kifundo kinapanda pungufu ya ulichoweka. Tatu goti, ukiwa juu sana goti linajikunja lenyewe kidogo kutafuta balansi, linakula tena. Nilivaa nane, nikajipima ukutani na penseli yangu, faida halisi juu ya kiatu cha kawaida ilikuwa kama nne. Nne! Ukuta haudanganyi.

Lakini nne ni nne. Nikawa nagusa 170 nikiwa na viatu, na 170 kwangu ilikuwa kama namba takatifu, sijui kwa nini, labda kwa sababu inaishia na sifuri.

Kipindi hicho usiku nilikuwa nasoma chochote kinachohusu urefu. Nikajua kwamba mifupa ya miguu inarefukia sehemu fulani laini karibu na ncha zake, na hizo sehemu zikishageuka mfupa mgumu, kwa wavulana wengi ni kwenye miaka 16 hadi 19, basi kimekwisha, kuning'inia kwenye chuma na kunyoosha viungo hakurudishi kitu, pamoja na hayo nilining'inia miezi mitatu. Nikasoma kwamba wanaanga wakikaa huko juu uti wa mgongo unaachia wanarefuka hadi asilimia 3, wakirudi duniani wanarudi walivyokuwa, nikawaonea wivu hata kwa hilo la muda. Nikasoma habari za Ilizarov, daktari wa Kisovieti wa mji wa Kurgan, miaka ya 1950 alikuwa anakata mfupa na kuuvutanisha polepole kwa mapete ya chuma yaliyofungwa nje ya mguu, milimita moja kwa siku, mfupa mpya unaota kwenye pengo. Ilikuwa ya kutibu watu walioumia na waliozaliwa na kasoro, ila siku hizi kuna wanaofanyiwa ili warefuke tu. Nilipiga hesabu ya siku kitandani. Milimita moja kwa siku, sentimita saba, siku 70 za kuvuta tu, hapo mfupa haujakomaa bado. Niliifunga ile kurasa nikaenda kulala. Niliyempenda zaidi ni Louis XIV wa Ufaransa, ipo picha yake ya mwaka 1701 iliyochorwa na Rigaud, mfalme mzima kavaa visigino virefu vyekundu na mguu kautanguliza mbele ili uvione. Hakuwa anaficha! Na kabla yake visigino vilikuwa vya wanaume wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu ukae kwenye kikanyagio. Na Napoleon ambaye dunia nzima inamtaja kuwa mfupi alikuwa kama 168 hivi, kawaida kabisa kwa wenzake wa wakati ule, tatizo inchi ya Kifaransa ilikuwa kubwa kuliko ya Kiingereza, watu wakasoma namba bila kubadilisha. Ila hii haikunifariji, 168 kwangu mi bado ni mrefu.

Sasa tatizo lenyewe. Tatizo sio kuvaa. Tatizo ni kwamba ukishapanda huwezi kushuka mbele ya mtu yule yule. Mtu akikuzoea na kimo fulani, kile kimo umekikopa kwake, kila ukikutana naye lazima ukilete tena, sentimita zote, bila kupungua. Mi nilikuwa na orodha kichwani. Nyumbani kwa mama, 163 na ndala. Ofisini, buti na vipande, kama 168. Kwa mchumba wangu, ambaye nilikutana naye kipindi cha ile nane, 170. Yeye mwenyewe ni 168 peku, mrefu yule dada, na sikumdanganya kwa mdomo hata siku moja, hakuwahi kuniuliza, lakini siku ya kwanza kukutana nilikuwa 170 basi ndo ikawa deni.

Na deni linakula maisha kidogo kidogo. Sehemu yoyote ya kuvua viatu mlangoni nilikuwa nina haraka, napita tu, siingii. Kuogelea hapana. Mpira niliacha, nilisema goti. Suruali nikawa na za urefu wa aina mbili, kwa sababu ukivua kiatu cha namba ile suruali iliyokuwa inakaa sawa inaburuza chini kama umevaa ya kaka yako, na ukikosea ukavaa ya ndala juu ya buti inaning'inia soksi zote nje. Kuendesha gari nilikuwa nabadilisha viatu, hilo niliwahi kuwa na akili, kisigino kikiinuka mguu haujui tena pedali iko wapi, siku moja nilikanyaga mafuta na breki kwa pamoja kwenye maegesho na sikurudia. Nikiwa kwa mchumba nilikuwa nahakikisha nikivua niwe tayari nimekaa, na nikisimama yeye awe amekaa. Unaweza kucheka. Ilikuwa kama mchezo wa kiti na muziki, miezi minane.

Uwanja wa ndege ndo palinivunja mbavu. Vua viatu, weka kwenye trei. Nikaweka buti zangu, zikaingia kwenye mashine, mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda tena. Yule mhudumu akazichukua, akaingiza mkono ndani, akatoa kipande cha kwanza akakiweka mezani, akatoa cha pili, akatoa kile chenye hewa akakibonyeza, fyuu, akahamia kiatu cha pili, vipande vyote vimepangwa pale kama duka na nyuma yangu foleni ya watu, na mimi nimesimama na soksi, mfupi kuliko nilivyoingia. Akanitazama akaniuliza taratibu, hivi ni vya nini? Nikasema daktari. Akatikisa kichwa kwa heshima akanirudishia. Nilikaa kwenye benchi napachika vipande na mikono inatetemeka, na bado sikuacha. Nilichojifunza siku ile eti ni kusafiri na raba.

Kilichoniangusha ni harusi ya dada yangu mdogo.

Fikiria. Mama na ukoo mzima wanaonijua 163. Watu wa ofisini nimewaalika, wananijua 168. Mchumba anakuja kutambulishwa kwa mara ya kwanza, ananijua 170. Wote ukumbi mmoja, saa zile zile. Usiku wa kuamkia nilipanga jozi tatu za viatu kitandani nikazitazama kama mtu anayechagua aende kwa jina gani. Nikasema nikienda na ya ofisini nimewakosea wote kidogo kidogo. Nikienda ya nyumbani mchumba ataniona nimeyeyuka. Nikachukua ile nane, nikajiambia ndugu hawatazami miguu, watakuwa na bibi harusi.

Shangazi alinikamata mlangoni. Akanishika mabega, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama juu chini, "We mtoto umerefuka?" Nina miaka 31. Nikasema suti, shangazi, suti ndo inanifanya. Mama alikuwa pembeni yake, hakusema kitu, akatazama usoni, halafu macho yakashuka polepole mpaka chini yakakaa hapo sekunde moja, halafu akaenda kupokea wageni.

Ikaja picha ya familia. Mpiga picha, kijana wa watu yuko kazini tu, akapaza sauti, warefu nyuma, wafupi mbele. Mimi maisha yangu yote nimekaa mbele, miguu yangu inajua, ikaanza kwenda mbele yenyewe. Mchumba wangu yuko pembeni anashika mikoba ya watu, akaniita, "Wewe si ukae nyuma huko?" kwa nia njema kabisa, kwa sababu kwake yeye mi ni mtu wa nyuma. Nikageuka niende nyuma. Mama akanyoosha mkono, "Baba, njoo mbele hapa ulipozoea." Nikasimama. Nikawa katikati ya mistari miwili, siendi huku siendi kule, na mpiga picha hakungoja. Ile picha ipo, ndo iliyotoka vizuri kuliko zote, kila mtu anacheka, macho yamefunguka, na katikati mimi nimegeuka nusu kama mtu aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya akitafuta choo.

Muziki ulipoanza nikacheza. Nilikuwa nataka kuisahau ile ya picha. Kuna kitu nilikuja kuelezwa baadae, ule mfupa wa kifundo kwa juu mbele ni mpana na nyuma ni mwembamba, ukisimama flati ile sehemu pana ndo inaingia kwenye tundu lake inabana vizuri, ukiinua kisigino inaingia ile nyembamba, kifundo kinakaa kinacheza. Kwa hiyo mtu aliye juu ya kabari muda wote yupo nusu njia ya kuteguka, anasubiri sababu tu. Sababu yangu ilikuwa zamu ya kugeuka kushoto. Nilisikia kitu kimesema tak, nikaenda chini, suruali ikapanda juu na kila mtu aliona kiatu vizuri.

Mdogo wangu wa kiume ndo aliyenipeleka hospitali. Wakanivua kiatu, mguu umevimba, akakipokea. Nikamwona anakipima uzito mkononi, kizito, kizito kuliko kiatu kinavyotakiwa. Akachungulia ndani. Akachukua soksi yangu akaisokomeza mdomoni mwa kiatu, akakiweka chini ya kiti, akaendelea kuangalia simu. Hajawahi kuniuliza mpaka leo. Kaka mdogo kama yule unamwombea dua.

Mifupa ilikuwa salama, kano ndo zimevutika. Ila daktari alinishika ule mguu mwingine, mzima, akanyoosha goti, akasukuma unyayo uje juu kuelekea kwangu. Haukuja. Ulifika nusu ukagoma na nyuma ya mguu ikawaka. Akasema hii sio ya leo. Msuli wa shavu la mguu ukiuweka kwenye hali ya kufupishwa siku nzima, miezi na miaka, unazoea, unakuwa mfupi kweli, na ule ukano mnene unaoshuka kwenye kisigino unakazana, ni yale yale yanayowapata wanawake wanaovaa visigino virefu kila siku. Akaniuliza huwa ukivua viatu na kutembea peku unaumia nyuma? Nilikuwa naumia. Nilidhani ni uchovu. Akabonyeza na chini ya unyayo, pale kwenye mto wa mbele, palikuwa na sugu ngumu kama ganda, kwa sababu uzito wote ulikuwa umehamia huko.

Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Akasema hata sisi tunaandikia watu vipedi, yupo ambaye mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, tunamwekea upande mmoja ili nyonga zikae sawa, yupo anayeumwa ukano wa kisigino tunamwinua kidogo kwa muda upumzike. Sentimita moja, mbili, sio dhambi. Akaongeza kitu ambacho sikukitegemea, usiache ghafla. Mguu ulioishi juu miaka minne ukiuteremsha chini siku moja ule ukano unaweza kuumia vibaya kuliko ulivyo, ushuke kipande kimoja kimoja, na kila siku unyooshe, unasimama unaegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimegusa chini, goti limenyooka, unahesabu nusu dakika, unabadilisha.

Ukuta tena. Ule ule wa penseli.

Sasa mchumba. Alikuja jioni yake, nimelala mguu umeinuliwa juu ya mito, na chini ya kiti kiatu kile na soksi yake mdomoni. Nikasema liwalo na liwe, nikamweleza vyote, namba zote, 163, 168, 170, uwanja wa ndege, mchezo wa kiti. Akasikiliza mpaka mwisho uso umekaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo huumwi?" Nikamuuliza kuumwa nini. Kumbe tangu tulipofahamiana alikuwa ananiona nashuka ngazi upande upande kama kaa, nashika ukuta, natembea kama mtu anayeteremka mlima hata kwenye tambarare, sikubali kuvua viatu, sikubali kuogelea, mpira niliacha kwa ajili ya goti, akahitimisha nina ugonjwa wa miguu. Kitu kikubwa, cha kuzaliwa labda. Akawa ananionea huruma kuniuliza. Alishamwambia na dada yake, kwamba kijana ana shida ya miguu ila amempenda hivyo hivyo, na dada yake akalia.

Miezi minane naficha ufupi, na mwenzangu miezi minane anajiandaa kunisukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Aliponielewa alicheka mpaka akakaa chini. Halafu alikasirika siku mbili, sio kwa urefu, alisema alikuwa ameshaomba sana kwa ajili ya ile miguu. Hilo sikuwa na jibu lake na mpaka leo sina.

Kushuka kulinichukua kama miezi mitatu. Nilitumia buti na vile vipande, natoa kimoja, nakaa wiki mbili tatu mpaka nyuma ya mguu iache kulalamika, natoa kingine. Wiki za kwanza zilikuwa na maumivu ya asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani ni kama unatembea kwenye kamba iliyokazwa. Fundi cherehani nilimpelekea suruali saba akauliza zote? Nikasema zote. Ofisini nilikuwa nasubiri siku mtu atakayesema, nilishaandaa na jibu. Miezi mitatu sentimita zinaondoka mbele ya macho yao. Aliyesema ni mmoja tu, alinitazama kwenye lifti akasema, "Umepungua siku hizi, unafanya daieti?"

Watu wananiuliza, kwa sababu sasa nawasimulia, kama wasivae. Mi sikatazi mtu. Siku za suti mpaka leo natia kabari ya sentimita mbili, napenda kiatu kinavyokaa, na mgongo unanyooka wenyewe. Lakini kama unaanza, anzia hapo na ubaki hapo, na vua ukifika nyumbani, na siku nyingine usivae kabisa ili watu wakuzoee ukiwa juu na ukiwa chini, usimkopee mtu mmoja kimo kimoja kila siku. Vipedi vikae miguu yote miwili sawa, kuna jamaa alipoteza kimoja akaendelea na kilichobaki, kiuno kikamuuma wiki nzima anatafuta mchawi. Vitoe vipate hewa, vinanuka vibaya mno vikifungiwa na jasho. Ukifika mahali ambapo huwezi kukimbia hatua ishirini bila kufikiria, umezidisha. Na suruali, kwa kweli suruali iliyokatwa pale pale kiatu kinapoanzia bila kujikunja ilinisaidia kuliko ile nane, tena haing'oi kucha.

Tulioana mwaka uliofuata. Picha za siku ile tulipiga nimevaa kiatu cha kawaida na yeye kavaa kisigino chake, kanipita karibu nusu kichwa, hatukupangana na mtu yeyote. Ile ya harusi ya dada mama ameitundika sebuleni, mgeni akiuliza huyu wa katikati anafanya nini anajibu huyo alikuwa anapita.

Shida iliyobaki ni shemeji. Mke wangu hakuwahi kumweleza dada yake ukweli, anasema alilia sana, ataonekana ameibiwa machozi. Kwa hiyo kila tukikutana naye ananivutia kiti kabla sijafika, ananishika kiwiko tukikaribia ngazi, na kabla hajauliza habari ya mtu mwingine yeyote ananiinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Shem, miguu inaendeleaje?"

Nasema inaendelea vizuri, shem. Siku hizi hata ngazi napanda mwenyewe.